Saa Kumi na Moja za Dadi Nampoto

Alikuwa na saa kumi na moja.
Si ile ya jioni, hapana:
saa kumi na moja za mkononi, katika sanduku la mpingo
lenye vyumba kumi na viwili,
kila chumba na godoro lake la mahameli.

Kila Februari, ghala la korosho likishafagiliwa,
aliniletea kibandani, Mtaa wa Ndoro, Lindi,
akafunga mlango mwenyewe,
akaketi kwenye ndoo ya rangi niliyoifanya kiti cha wateja.
"Somoe, pumua pembeni. Hiyo moja ni nyumba tatu."

Ya nne ilizungushiwa zumaridi: msimu bei ilipopanda mnadani.
Ya tisa ina almasi arobaini na mbili (nilizihesabu kwa ncha ya sindano).
Ya sita ina mwezi wa lulu unaokua na kupungua.
Nilimuuliza Ramadhani itaandama lini;
akageuka kutazama kalenda ya benki ukutani kwangu.

Hakuvaa hata moja.
Mkono wake ulikuwa mtupu kama wangu.
"Saa ngapi sasa?" aliuliza, nami nikatazama simu.

Masharti yake: zisafishwe, zitiwe mafuta,
kisha zisimamishwe.
Ya kwanza isimame saa moja, ya pili saa mbili,
mpaka ya kumi na moja.
Akrabu imelala kwenye saba;
Mswisi aliyeiunda anasoma saba,
mimi na Dadi tunasoma moja.
"Mchana wangu huo," alisema, akipapasa sanduku.
"Umebaki saa moja tu, haujatimia."

Nilifungua mgongo wa ya tano.
Mle ndani, asipolipia mtu kutazama,
mna yakuti ndogo kuliko chembe ya chumvi,
kumi na saba,
kila moja imeshika ncha ya ekseli
ili chuma kisile chuma.
Nilimwita aone. "Zinang'aa?" aliuliza.
Hazing'ai. Zinashika.
Akarudi kwenye ndoo yake.

Risiti ilikunjwa chini ya mahameli, na mwaka wake.
Mwaka ule Dadi alipita Mtama na bakuli la plastiki,
akinunua kangomba kabla mikorosho haijatoa ua.
Mama alimpa gunia nne
kwa bei ya moja na nusu,
maana Mpojole alikuwa wodini na dawa ni pesa taslimu.

Kibanio kilikuwa vidoleni mwangu.
Yakuti moja tu, nani angejua?
Saa yenyewe imekatazwa kwenda.
Nilihesabu kumi na saba, nikafunga.
Usiku, kitandani, nikahesabu tena.

Ya kumi na mbili aliitafuta miaka sita.
Aliuza lori. Aliuza shamba la Nachunyu.
Ilikuwa na yakuti juu, uso mzima, nyekundu kama jua linapozama;
hayo nayajua kwa picha tu, kwenye simu yake yenye ufa.
Kifurushi kilitoka Dubai mwezi wa masika,
barabara ikakatika Somanga,
na kabla magari hayajapita
tulikwishamzika Dadi.

Binti yake Zuhura alikuja na sanduku.
"Fundi, zitie ufunguo zote.
Mnunuzi anataka kuzisikia."

Nikazitia, moja baada ya moja.
Kamani zikakaza, zikashtuka,
na kwa mara ya kwanza zikalia pamoja,
mlio wa korosho zinazodondoka bakulini,
punje kwa punje, na mtu anahesabu.
Kila moja na saa yake.
Ufunguo nilitia; majira sikutia.
Ayatie mnunuzi.

Zuhura akafungua pochi. "Ujira wako?"
"Gunia mbili na nusu," nikasema.
Akacheka, akadhani natania.
"Msimu bado, dada."

Nikamwambia najua.
Nitangoja.